Springi iliyoongezwa pleti uiandike wapi: modifikesheni na kodi za matengenezo kwenye programu ya gereji

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Njiro, Arusha, nalifupisha: "Nasimamia stoo na jobukadi (kadi za kazi za kila gari) za gereji ya kampuni ya safari, tuna Land Cruiser 18 na karibu zote zimerefushwa. Mwaka jana bosi alinunua programu ya matengenezo. Mafundi wakiongeza pleti kwenye springi au wakibadilisha braketi ya shokapu, mi nafungua namba mpya ya kipuri naweka MOD mwishoni. Sa hivi nina SPRINGI NYUMA MOD, MOD2 na MOD MPYA, hakuna anayejua ipi ni ipi, na juzi tumenunua propela ikagoma kukaa. Alafu aliyetufungia programu alituachia kodi za matengenezo (zile code fundi anazochagua kueleza tatizo na kazi) zaidi ya 300, mafundi wanabonyeza ya kwanza basi. Je nifungue namba mpya kila tukimodifai? Na kodi ziwe ngapi?"

Dada pole na kazi. Jibu fupi ni hili: namba mpya unafungua pale tu ambapo kipuri kipya hakiwezi kubadilishana na cha zamani, na kodi zinatakiwa ziwe chache kiasi kwamba fundi anaziona zote kwenye skrini ya simu bila kuteremsha kidole. Ila ukiondoka na hilo tu utarudi hapa baada ya miezi sita, kwa sababu tatizo lako liko sehemu nyingine, mmechanganya mambo matatu kwenye kisanduku kimoja. Kipuri hiki ni kitu gani, hilo ni swali la stoo. Gari hii imefanyiwa nini mpaka ikawa tofauti na wenzake, hilo ni swali la faili la gari. Gari imeingia kwa nini na tumeifanyia nini leo, hilo ndo swali la kodi. Wewe yote matatu unayajibu kwa kuandika MOD mwishoni mwa jina la kipuri, sasa lazima vurugu itokee.

Nianze na propela, ile shafti inayopeleka nguvu toka giaboksi mpaka difu, maana ndo imekula hela. Land Cruiser ikishakatwa chesisi ikarefushwa ili ichukue abiria wengi, propela ya nyuma iliyokuja nayo toka Toyota haifiki tena, kwa hiyo inarefushwa au inatengenezwa ya vipande viwili na beringi ya katikati. Kuanzia siku hiyo namba ya Toyota ya ile propela haina kazi kwenye gari ile, lakini programu yako haijui, kwenye orodha ya spea za gari bado imeandikwa ile ya kiwandani. Yule aliyeenda kununua alisoma sahihi kabisa kilichoandikwa. Na hata ungekuwa umefungua PROPELA MOD bado angekosea, kwa sababu kuna warefushaji zaidi ya mmoja hapa mjini na kila mmoja anarefusha kwa kipimo chake, unaweza kuta gari mbili zimepaki pamoja hapo uwanjani kwenu na propela zake zimepishana sentimita kadhaa.

Kwa hiyo kila modifikesheni iwe na rekodi yake yenyewe nje ya stoo. Iite M-001, M-002, M-003, namba tupu isiyo na maana yoyote ndani yake, usianze kuweka herufi za SPR au CHS maana utaishiwa herufi na utaanza kubishana na fundi mkuu kama braketi ya shokapu ni chesisi au springi. Ndani ya M-001 unaandika kilichobadilishwa, kwa nini, nani aliruhusu, vipimo, picha mbili tatu, na spea zipi zinatoka na zipi zinaingia. Alafu kwenye faili la kila gari unaweka kwamba M-001 imefungwa tarehe fulani kilomita fulani. Gari ambayo haijafungwa unaandika haijafungwa, na kama mliwahi kuifunga mkaitoa, andika imetolewa, usifute. Programu nyingi zina sehemu ya viambatisho na sehemu ya kuongeza vipengele vyako kwenye faili la gari. Yako kama haina hata hivyo, basi laha ya Excel yenye gari 18 upande mmoja na M-namba juu inatosha kabisa, na itumike hiyo hiyo wakati wa kuagiza spea.

Wenzetu wa ndege wako mbali sana kwenye hili. Fundi wa ndege ndogo za Caravan pale uwanja wa Kisongo hawezi kuongeza hata braketi kwa sababu tu imemjia kichwani, lazima kuwe na maelekezo yaliyoidhinishwa, na ikishafungwa inaandikwa kwenye kumbukumbu za ndege ile ile, na kipuri chenye namba yake ya pekee (serial namba) kinatembea na historia yake kikihamishwa kwenda ndege nyingine. Sisemi gereji ya Njiro iwe hivyo, mtafunga biashara. Ila wazo la kwamba mabadiliko ni mali ya chombo chenyewe na sio ya rafu ya stoo, hilo lichukueni lilivyo.

Sasa lini kipuri kinapata namba mpya. Jiulize swali moja: dereva yuko Seronera, katikati ya Serengeti, usiku, ana kipuri cha zamani kimekufa na mkononi ana hiki kipya, je anaweza kukifunga bila kukata, bila kutoboa, bila kuchomelea, na gari ikatembea sawa bila kubadilisha kitu kingine? Alafu geuza, kipya ndo kimekufa na mkononi ana cha zamani. Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, namba inabaki ile ile, unaandika tu kwenye maelezo kwamba toleo limebadilika. Kama kipya kinaingia mahali pa cha zamani lakini cha zamani hakiwezi kurudi, fungua namba mpya na uweke kiungo cha upande mmoja, yaani cha zamani kikiwa A na kipya B, programu ikubali kutoa B mahali pa A na ikatae kutoa A mahali pa B. Hii ya upande mmoja ndo watu wengi wanaisahau, wanaweka "mbadala" pande zote mbili alafu stoo inatoa shokapu fupi kwa gari iliyonyanyuliwa. Na kama hakuna upande unaokubali, ni namba mpya na hakuna kiungo, ni vipuri viwili tofauti vinavyofanana sura.

Tuchukue springi zako. Pleti moja moja, zile za kuongezea, kila saizi ina namba yake na haibadiliki hata ukiifunga kwenye gari gani. Kinachobadilika ni ule mkusanyiko mzima: springi ya nyuma ikiongezwa pleti inakuwa nene, yu bolti za zamani hazitoshi, na huwezi kufunga nene kulia ukaacha ya kawaida kushoto labda unataka gari itembee imeinama. Kwa hiyo mkusanyiko wa kawaida una namba yake, mkusanyiko ulioongezwa una namba yake nyingine, na ndani ya hiyo ya pili unaorodhesha pleti, senta bolti ndefu na yu bolti ndefu vyote pamoja ili ikitoka stoo itoke kamili. Alafu M-003 inasema gari hizi na hizi zinatumia ule wa pili. Zile MOD, MOD2 na MOD MPYA nenda nazo uwanjani na futi ya mkononi, hesabu pleti, pima urefu, nadhani utakuta ni aina mbili tu na ya tatu ni ile ile aliyoandika mtu mwingine zamu yako ikiwa imeisha.

Namba za Toyota zenyewe usizifanye namba zako. Zinakuja kwa mtindo wa tarakimu tano, kistari, tarakimu tano, wakati mwingine na mbili za mwisho, na zile tano za mwanzo zinakwambia ni kipuri cha aina gani, 04465 kwa mfano ni pedi za breki za mbele, 48531 ni shokapu za nyuma. Ni nzuri sana kwa kutafutia, ila Toyota anabadilisha namba anapotaka, ya jana inachukuliwa nafasi na ya leo, na mbali na Toyota una jenuini, una ya Thailand, una ile ya duka la pembeni ambayo tuiite tu ya duka la pembeni. Wewe kuwa na namba yako moja ya filta, alafu ndani yake ziorodheshe namba zote za watengenezaji, na wakati wa kupokea mzigo andika ni ya nani. Ukishafanya hivyo siku moja utaweza kumwonyesha bosi kwamba pedi za bei poa zinaisha Serengeti kabla ya zile nyingine kufika nusu, kwa kilomita na sio kwa maneno. Namba ya zamani iliyokufa usiifute, iandikie imechukuliwa nafasi na namba fulani na uifunge isiagizwe tena.

Kitu kingine ambacho kinakaribiana na hili ni vipuri vilivyofufuliwa. Alteneta imetoka kwenye gari, ikaenda kwa fundi umeme, ikarudi kwenye rafu. Naona watu wanaifungulia namba ALTENETA-R, alafu ikifufuliwa mara ya pili R2. Hapana, namba ni ile ile, kinachobadilika ni hali: mpya, iliyofufuliwa, mtumba, mbovu inasubiri. Programu kubwa kama Maximo ina sehemu ya hali ya kipuri tayari, zingine unaongeza mwenyewe kama kipengele, na ukishindwa kabisa tenga rafu na uipe jina la stoo ndogo. Bei iende na hali, maana iliyofufuliwa ukiiingiza kwa bei ya mpya, hesabu za mwisho wa mwaka zitamtia mhasibu wazimu.

Haya, kodi. Zile 300 futa kwenye skrini ya fundi leo hii. Nazijua, zinatoka kwenye orodha ya kiwanda fulani mtu kaipakia nzima ili mteja aone programu ina vitu vingi. Mtu ana grisi mpaka kwenye kiwiko, dereva wa gari nyingine anapiga honi getini, unataka ateremke mpaka kodi ya 212? Atabonyeza ya kwanza, na kwenu ya kwanza bila shaka ni kitu kama "ajali" au "alteneta", ndo maana ripoti yenu inaonyesha mnapata ajali kila siku.

Kosa la hizo orodha ndefu ni kwamba zinabandika vitu vinne kwenye kodi moja, mfano "springi ya nyuma imekatika kwa uzito ikabadilishwa". Ukiwa na matatizo 10, vyanzo 8 na kazi 8, kwa kubandika utahitaji kodi 640 kwa sehemu moja tu ya gari. Ukizitenganisha ni 26. Wenye malori wa Marekani walishalipitia hili, American Trucking Associations walitoa mfumo unaoitwa VMRS mwaka 1970, humo breki ni 013, matairi 017, injini 045, na sababu ya kuleta gari, kilivyoharibika na kazi iliyofanyika ni orodha tatu tofauti kabisa. Maximo nayo inaenda hivyo hivyo kwa ngazi: tatizo, chanzo, tiba. VMRS inauzwa kwa leseni na kwa gari 18 huihitaji, ila mtindo wake uibe bila aibu.

Kwa gereji yenu ningeweka sehemu za gari kama 12 hivi: injini, kupoza, mafuta, klachi na giaboksi, propela na difu, springi na shokapu, usukani, breki, matairi, umeme, bodi na chesisi, na vitu vya safari yaani paa la kunyanyuka, friji, inveta, redio. Hii ya mwisho usiichanganye na umeme, mgeni akikosa friji wiki nzima malalamiko yake yana uzito kuliko shokapu inayovuja. Tatizo liandikwe kwa maneno ya dereva, maana yeye ndo analileta: imekatika, imelegea, inavuja, inapiga kelele, inachemsha, haichaji, haiwaki, inavuta upande, imeisha, imepasuka. Chanzo kinajulikana baada ya kufungua, kwa hiyo kisijazwe wakati wa kufungua jobukadi, kijazwe wakati wa kufunga, na ajaze fundi aliyeona, wewe wa stoo usimsaidie kubuni hata akikuomba. Kati ya vyanzo weka "haijajulikana" na usimgombeze mtu akiichagua, afadhali hiyo kuliko uongo. "Nyingineyo" usiweke, ukiiweka ndani ya mwezi mmoja nusu ya kazi zote zitahamia humo.

Alafu kuna sababu ya gari kuingia, hii orodha fupi ndo inaokoa ripoti zako: sevisi, lalamiko la dereva, imeharibika porini, ajali, imerudi kwa kazi ile ile, na modifikesheni. Hiyo ya mwisho iwe peke yake. Gari tano mkiziongeza pleti mwezi wa nne wakati mvua imewaweka nyumbani, na kazi zote mkaziandika kama matengenezo ya springi, bosi atafungua ripoti aone springi zimekula mamilioni mwezi ambao magari hayakutembea, atakuita. Ikiwa imeandikwa modifikesheni M-003 anaona ni uwekezaji wake mwenyewe alioukubali. Na "imerudi kwa kazi ile ile" mafundi wataichukia, waambie mapema kwamba sio ya kukata mshahara, mkiitumia kukata mshahara haitachaguliwa tena milele.

Niweke mfano mmoja mpaka mwisho. Gari namba 7 kwenye orodha yenu imerudi toka Ndutu, shokapu ya nyuma kulia inaning'inia, ukiangalia chini braketi imechanika pale pale ilipochomelewa, shokapu yenyewe nzima. Sababu ya kuingia: imeharibika porini. Sehemu: springi na shokapu. Tatizo: imekatika. Fundi anainama na tochi, anaona ufa wa zamani wenye kutu ndani na mpya unaong'aa pembeni, maana yake ulianza siku nyingi ukamaliziwa na yale matuta ya njia ya Naabi. Chanzo: chuma kimechoka. Kazi: imechomelewa. Jobukadi inafungwa, shokapu haijatoka stoo hata moja. Baada ya muda gari namba 11 na namba 3 zinakuja na kodi zile zile, hapo sasa fundi mkuu anaamua kuongeza bamba nyuma ya braketi kwa gari zote zilizorefushwa na mtengenezaji yule yule. Inafunguliwa M-014, picha, unene wa bamba, nani kasema. Kila gari inafunguliwa jobukadi mpya, sababu: modifikesheni, na kwenye faili lake inaingia M-014 imefungwa. Shokapu haijabadilika namba kwa sababu bado inaingia vile vile. Msimu wa Juni mpaka Oktoba ukiisha unachuja sehemu hiyo na tatizo hilo, gari zenye M-014 upande huu na zisizo nayo upande ule, unagawa kwa kilomita zilizotembea na sio kwa miezi, maana msimu ukichanganya gari inatembea mara mbili ya kawaida na utaona kama bamba halijasaidia kitu.

Kuna kodi moja ya kazi ambayo haimo kwenye zile 300 na kwenu ni lazima, "imefungwa kwa muda". Dereva kafunga springi kwa mti na mpira huko Lobo, au kakata paipu ya breki ya gurudumu moja kaikunja ili afike Karatu. Hiyo ni kazi halali, kaokoa wageni, lakini jobukadi yake isikubali kufungwa, iweke kwenye programu kwamba ukichagua kodi hiyo inafunguka kazi nyingine hapo hapo yenye jina la gari na inakaa nyekundu mpaka mtu aitoe. Dereva atakutumia kwa vois ya WhatsApp mtandao ukikubali, wewe ndo uingize, yeye asisumbuliwe na programu akiwa na wageni sita.

Kodi mkishaanza kuzitumia msibadilishe maana yake. Kama "imeisha" inawachanganya na "imelegea", zima moja na fungua nyingine, ile iliyozimwa ibaki kwenye kazi za zamani ila isionekane kwa fundi. Ukiigeuza jina, ripoti za mwaka jana nazo zinageuka kimya kimya na hutajua. Mwenye ruhusa ya kuongeza kodi awe mmoja, ningesema fundi mkuu na wewe mkiwa mmekaa pamoja, mara moja kwa miezi mitatu hivi, hata kama kila siku kuna mtu anakuja na ombi.

Kuhusu historia ya mwaka mzima iliyoharibika, najua utataka kuisahihisha yote, usijichoshe. Kazi za zamani zipe kodi moja ya "kabla ya mpango mpya" uziache. Kilicho cha haraka ni uwanjani: chukua gari zote kadri zinavyorudi, moja moja, lala chini na fundi, andika imerefushwa na nani, propela pima urefu toka flenji mpaka flenji ikiwa imefungwa, hesabu pleti za springi, piga picha, fungua M-namba. Na mpaka gari iwe imepimwa, weka kizuizi kwenye programu au hata karatasi mlangoni kwamba propela, springi na shokapu za gari hiyo haziagizwi kwa kusoma orodha, ile ya zamani inapelekwa dukani mkononi.